RV Ikizima Njiani: Unayempigia, Anayekuja na Anayelipa

Mhudumu wa simu ya msaada wa barabarani aliuliza tuko karibu na mji gani, shemeji akajibu, "Memphis." Hakudanganya. Tulikuwa kando ya barabara ya US 287, kaskazini-magharibi mwa Texas, dakika chache kutoka mji mdogo uitwao Memphis, makao makuu ya Hall County, safarini kutoka Dallas kwenda Colorado. Gia boksi ya RV yake, ile nyumba juu ya magurudumu, ilikuwa imegoma, watoto wanne wanagombea kivuli, jua la Julai linachoma kama pasi. Baada ya dakika arobaini simu ikalia: mwenye gari la kukokota aliyepewa kazi anasema mjini kwake hakuna US 287. Alikuwa Memphis ya Tennessee, kando ya mto Mississippi.

Kucheka tulicheka baadaye. Siku ile tulikaa pale tangu saa tano asubuhi mpaka jioni, na shemeji alikuwa amelipia huduma ya msaada wa barabarani miaka mitatu mfululizo bila kuitumia hata mara moja. Tangu hapo, kila nikikaa na jamaa zetu wa huku Marekani walionunua RV, au wanaotaka kukodi moja kwa likizo ya watoto, swali huwa lile lile: mtu analipa kila mwaka, iweje siku ya siku aachwe juani? Wengi hudhani ni uzembe, au ni dharau kwa lafudhi zetu. Pengine mara moja moja ni hivyo. Lakini mara nyingi kisa kiko kwenye namna biashara yenyewe ilivyosukwa.

Kwa aliyeko Tanga au Eldoret ambaye hajawahi kuiona, RV ni nyumba ndogo juu ya magurudumu: vitanda, jiko la gesi, friji, choo na bafu. Zipo tela za kuvutwa na pikapu, na zipo zenye injini yake. Zenye injini zina madaraja matatu. Daraja B ni kama hiace iliyogeuzwa chumba. Daraja C ni kichwa cha lori dogo kilichojengewa nyumba mgongoni, na kitanda kimoja hutokeza juu ya dereva kama kofia. Daraja A ni basi kamili. Ndiyo, C ni kubwa kuliko B. Aliyepanga herufi hizo hakutufikiria.

Unayempigia ni dalali

Hili ndilo fundo kubwa, na likifunguka mengine yanalegea yenyewe. Ukipiga namba iliyo nyuma ya kadi yako ya uanachama, anayepokea hana gari la kukokota. Yuko kwenye kituo cha simu, pengine majimbo matatu kutoka ulipo, mbele ya kompyuta yenye orodha ya wakandarasi. AAA, iliyoanzishwa Chicago mwaka 1902, ni shirikisho la vilabu vya wenye magari vya mikoa mbalimbali. Baadhi ya vilabu hivyo vina magari yao mijini, lakini ukishatoka nje ya mji hata wao hutegemea mkandarasi. Good Sam, iliyoanza mwaka 1966 na inayojulikana sana kwa watu wa RV, nayo hutumia wakandarasi. Kampuni ya bima iliyokuongezea kipengele cha msaada wa barabarani kwa dola chache mara nyingi haipokei hata simu yenyewe: huielekeza kwa kampuni nyingine inayofanya udalali huo kwa niaba yake.

Kwa hiyo kuna watu watatu, na kila mmoja ana hesabu zake. Yupo dalali anayepokea simu. Yupo mwenye gari la kukokota, ambaye mara nyingi ni mfanyabiashara wa hapo hapo mwenye gari mbili tatu na mke wake ndiye anayeshika vitabu. Na yupo mwenye pochi: klabu, bima, mtu aliyekukodisha RV, au wewe mwenyewe.

Dalali amekubaliana na wakandarasi bei maalumu, na bei hiyo huwa ya chini kuliko anayolipa mtu wa barabarani. Kwa gari dogo lililoishiwa betri mjini, mkandarasi hukubali kwa sababu kazi ni nyingi na fupi. Kwa RV hesabu inageuka. Gari zito la kukokota, lile linaloweza kuvuta semi trela, likiwa jipya hugharimu laki kadhaa za dola. Mwenye nalo hutoza kwa saa, na saa huanza kuhesabiwa pale linapotoka yadi hadi litakaporudi. Wateja wake wa kila siku ni kampuni za malori, ambazo lori likilala njiani zinapoteza fedha na hulipa bila kubishana. Sasa dalali anampigia Jumamosi mchana, anampa RV iliyo maili tisini, kwa bei ya mkataba. Mfanyabiashara anakataa. Dalali anakwenda kwa anayefuata kwenye orodha, naye hapokei simu. Wa tatu anasema ana gari lakini dereva amekwenda mazishini.

"Bado tunakutafutia" maana yake ndiyo hiyo. Hakuna gari lililo njiani. Kuna mtu anayepiga simu na kukataliwa. Tofauti ya mambo haya mawili ni kubwa mno kwa mwenye watoto juani, na ni haki yako kuuliza waziwazi: je, kuna mkandarasi aliyekwisha kubali, au bado? Kama yupo, omba jina la kampuni yake na namba yake ya simu, kisha umpigie mwenyewe. Mimi naona hii ndiyo simu yenye faida kuliko zote za siku hiyo. Dereva wa pale anaijua barabara, anajua daraja lenye kimo kidogo, na atakuambia ukweli ambao dalali haujui: "Natoka Amarillo, nipe saa mbili."

Uzito, urefu, na kwa nini gari la kwanza huja kisha huondoka

Baada ya mkanganyiko wa Memphis mbili, gari lilikuja. Lilikuwa lile lenye kitanda bapa kinacholala nyuma, ambalo hubeba sedani na pikapu. Dereva alishuka, akaizunguka RV mara moja, akavua kofia. Hakuhitaji kusema neno.

Magari mengi ya aina hiyo hubeba kiasi cha paundi 10,000, yaani tani nne na nusu hivi. RV ya shemeji ni daraja C iliyojengwa juu ya Ford E-450, ambayo uzito wake wa juu unaoruhusiwa ni paundi 14,500, zaidi ya tani sita na nusu. Daraja A za petroli zilizojengwa juu ya Ford F-53 hufika hadi paundi 26,000, na zile kubwa za dizeli, zenye injini nyuma, hupita 30,000. Ukimwambia dalali "gari langu ni Ford," kompyuta yake itachagua gari la kubeba Ford ya kawaida. Hilo halikuwa kosa la dereva aliyekuja. Alitumwa kwa taarifa iliyoandikwa vibaya, akapoteza mafuta yake kama sisi tulivyopoteza saa zetu.

Uzito wa juu unaoruhusiwa wa gari lako umeandikwa kwenye kibandiko kilicho karibu na mlango wa dereva, mbele ya herufi GVWR. Huo ndio wa kutaja, pamoja na urefu wa gari toka mbele hadi nyuma, na kimo chake toka chini hadi juu ya kiyoyozi cha paa. Kimo kina maana kwa sababu majimbo mengi huweka kikomo cha futi 13 na inchi 6 barabarani, Texas ikiruhusu futi 14. RV yenye futi 12 ukiipandisha juu ya tela la kawaida inapita kikomo, hivyo lazima lije tela la kitanda cha chini kabisa au gari la kuinua magurudumu ya mbele tu. Na hapo kuna jingine: RV nyingi zina mkia mrefu nyuma ya ekseli ya mwisho. Ukiinua pua sana, mkia unakwangua lami, na bomba za maji taka ndizo za kwanza kuondoka.

Halafu kuna namna ya kuvuta, ambayo imekwisha kuwatia watu hasara kuliko ubovu wenyewe. Gia boksi ya otomatiki hulainishwa na pampu inayozungushwa na injini. Injini ikizimwa, pampu imelala. Ukivuta gari linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma huku magurudumu hayo yakizunguka chini, propela inaizungusha gia boksi kavu, maili baada ya maili, mpaka ijikaange. Ndiyo maana dereva anayejua kazi hulala chini ya gari na kufungua propela, au kwenye basi za dizeli hutoa shafti za ekseli, kabla hajasogea hata futi moja. Ukimwona anaanza kufunga minyororo bila kuingia chini, muulize kwa upole. Atakayekasirika, mwache akasirike.

Basi za dizeli zina breki za upepo, na hizi hufanya kazi kinyume na tunavyodhani. Upepo ndio unaoachia breki ya kuegesha. Springi ndizo zinazokamata. Tangi likiisha upepo, magurudumu ya nyuma yanakamata na hayaachii hata ukiyabembeleza. Anayekuja lazima awe na mpira wa kupeleka upepo toka gari lake, au azibane springi hizo kwa mkono mpaka breki iachie. Neno "breki za upepo" likikosekana kwenye maelezo yako ya simu, unaweza kuletewa mtu hodari asiye na kifaa.

Mahali ulipo

Barabara kuu za Interstate, zile zenye herufi I mbele ya namba, zina vibao vya maili, na hesabu yake ina utaratibu: huanza sifuri kwenye mpaka wa jimbo upande wa kusini au magharibi, na kupanda kuelekea kaskazini au mashariki. Kusema "I-40 kuelekea magharibi, maili 96, Texas" kunatosha kabisa, hata kwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga huko. Barabara za US na za jimbo mara nyingi hazina utaratibu huo, na hapo ndipo majina ya miji huponza. Marekani ina Paris ya Texas, Moscow ya Idaho, Cairo ya Illinois. Taja jimbo kwanza, kisha kaunti, kisha barabara na upande unaoelekea. Bora zaidi, fungua ramani ya simu, bonyeza pale ulipo, usome zile namba za latitudo na longitudo moja moja. Namba hazina lafudhi. Sisi tunaotamka jina la mji wa "Clarendon" kama tunavyotamka Korogwe tunajua ninachosema.

Kuhusu usalama sitakawia, isipokuwa hili. Kwetu gari likiharibika tunakata matawi na kuyapanga barabarani. Dereva yeyote kati ya Chalinze na Segera anaelewa ujumbe huo kuliko kibao chochote. Huku tawi barabarani ni takataka tu. Shemeji huendesha lori, na sheria ya malori ya biashara humtaka apange pembetatu tatu za kuakisi mwanga, ndani ya dakika kumi: kwenye barabara iliyogawanywa zinakaa nyuma ya gari, futi 10, futi 100 na futi 200. RV ya familia haibanwi na sheria hiyo, lakini vipimo hivyo ni vyema kwa yeyote. Majimbo yote 50 sasa yana sheria ya kumtaka dereva anayepita ahame njia au apunguze mwendo akiona magari ya dharura na ya kukokota pembeni, South Carolina ikiwa imetangulia mwaka 1996 na Hawaii ikifuata mwisho mwaka 2012. Baadhi, kama Florida tangu Januari 2024, zimeliongeza pia gari lolote lililoharibika lenye taa za tahadhari. Kuwa na sheria ni kitu kimoja, kuitii ni kingine. Ukiwa umesimama mahali ambapo malori yanapita mkono mmoja kutoka ubavuni, acha klabu, piga 911, namba ya dharura, na watu wote wahame nyuma ya uzio wa barabara.

Mahali ambapo klabu yako haina sauti

Zipo barabara za kulipia ambazo hazikubali gari lolote la kukokota isipokuwa la kampuni zilizoidhinishwa na wenye barabara. New Jersey Turnpike ni mojawapo, na New York State Thruway nyingine. Ukiharibikiwa humo, dalali wako atakuambia piga namba ya barabara yenyewe. Wao wataleta gari lao, utalipa wewe, halafu utadai kurudishiwa. Watu huona wametelekezwa, wakati kilichotokea ni kwamba wamevuka mpaka wa mamlaka ya klabu.

Vivyo hivyo polisi wa barabara kuu akiamua gari lako ni hatari mahali lilipo. Yeye ana orodha yake ya zamu, na ataita aliye juu ya orodha hiyo bila kukuuliza una kadi ya nani. Gari linapelekwa yadi, na yadi hutoza kwa siku. Texas huyapa leseni magari ya kukokota na yadi za kuhifadhia kupitia idara yake ya leseni, TDLR, na malalamiko ya bei hupelekwa huko. Mimi hushauri: afisa akifika kabla ya klabu kupata gari, mwambie mapema kwamba umeshaita msaada na muda uliopewa. Wengi watakuacha usubiri kama hauzibi njia.

Kwa upande wa pili, kuna msaada wa bure ambao wengi wetu hatuujui. Florida ina Road Rangers, wanaoitwa kwa *347 toka simu ya mkononi. California ina doria ya barabara kuu inayosaidia magari yaliyokwama bila malipo, na Atlanta ina HERO, inayoitwa kwa 511. Hawa hawatakuvuta hadi gereji, lakini watakuwekea koni, watakupa petroli kidogo, watakutoa mahali pa hatari. Nyuma ya leseni ya udereva ya Texas kuna namba ya simu ya msaada wa barabarani. Shemeji amebeba leseni hiyo miaka mingi. Alisoma mgongo wake siku ile.

Nani analipa, na nini

Kadi zinafanana, mikataba haifanani. Uanachama wa kawaida wa AAA kwa kawaida haugusi RV. Sharti uongeze kipengele cha RV juu ya daraja la Plus au Premier, na maili za kukokotwa zina kikomo, Plus ikiwa maili 100. Good Sam hupeleka hadi gereji ya karibu inayoweza kutengeneza, bila kikomo cha maili. Maneno "ya karibu inayoweza kutengeneza" ndiyo ya kusoma mara mbili. Hayasemi gereji unayoipenda, wala ya mjini kwenu. Ukitaka kupita hapo, maili za ziada ni juu yako.

Kukokota nako si kunasua. RV ikiteleza mtaroni, au ikizama kwenye mchanga wa Utah ulikokwenda kulala bure chini ya nyota, kuitoa pale ni kazi nyingine yenye bei nyingine, na vilabu vingi hulipia tu ikiwa uko kwenye barabara inayohudumiwa au hatua chache kutoka kwake. Ajali ni ya bima ya gari, si ya klabu. Na ukiwa unavuta tela kwa pikapu, kisha pikapu ikafa, uliza kabla hujanunua: je, tela nalo litakokotwa, na litahesabiwa tukio moja au mawili? Nimeona mtu akivutiwa pikapu, tela likabaki peke yake kando ya I-35, na mke wake ndani yake akichemsha chai.

Tairi linastahili maneno mengi kidogo. "Tunabadilisha tairi" maana yake wanafunga spea uliyonayo. RV nyingi hazina spea kabisa. Basi kubwa la daraja A hutumia tairi za inchi 22.5 kama za lori, na nati zake hukazwa kwa nguvu ambayo spana ya nyumbani haiwezi hata kuitania. Huna spea, basi fundi analetewa tairi jipya toka mjini: klabu inalipia ujio wake, tairi unalipia wewe, kwa bei ya Jumapili. Na tairi za RV hazifi kwa kuisha kashata, maana gari hukaa nyumbani miezi tisa. Hufa kwa uzee. Ubavuni, mwisho wa mfululizo unaoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikishafika miaka sita saba, hata ziking'aa, zikague kwa fundi kabla ya safari ndefu.

Upande wa nyumba, yaani friji, kiyoyozi, pampu ya maji, klabu nyingi hazihusiki. Kuna mafundi wa RV wanaozunguka na gari lao, na hao ndio wa kuwaita. Angalia hasa kile chumba kinachosukumwa nje kupanua sebule: kikigoma kurudi ndani, huwezi kuendesha wala kukokotwa. Nyingi zina mkono wa kuzungusha uliofichwa mahali. Utafute ukiwa bado nyumbani, mchana, huna presha.

Uliyekodi ni habari nyingine. Kampuni kama Cruise America ina namba yake ya msaada, na RV za watu binafsi zinazokodishwa kupitia Outdoorsy au RVshare zina utaratibu ulioandikwa kwenye mkataba. Karibu zote zinafanana kwa jambo moja: usiagize matengenezo kabla hujapata idhini. Ukimlipa fundi kwa roho safi bila kuuliza, unaweza kulipa mara ya pili kwa machozi.

Watu wanane na viti viwili

Gari la pili lilitoka Amarillo na kufika saa kumi na mbili na nusu jioni. Zito, lenye boriti ya kuinulia. Dereva alikuwa mzee wa Kitexas, maneno machache. Alilala chini, akafungua propela, akaifunga pembeni kwa mnyororo mdogo. Kisha akatazama umati wetu na kusema ndani ana viti viwili.

Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Haturuhusiwi kukaa ndani ya RV inayokokotwa, na tulikuwa wakubwa wanne na watoto wanne. Mahali kama pale huwezi kuita teksi kwa simu. Hakuna wa kuitikia. Afisa wa sherifu wa kaunti, aliyekuwa amepita mara mbili kutuuliza hali, ndiye aliyewachukua dada, mama mkwe na watoto hadi moteli ya Childress kwa safari mbili. Shemeji na mimi tulipanda na mzee. Dawa za mama mkwe tulizikumbuka tukiwa tumeshafika Clarendon, zikiwa kwenye friji ya RV nyuma yetu. Tulisimama pale, tukazitoa, na tukafunga gesi ambayo nayo tulikuwa tumeisahau.

Kisha swali la wapi. Dalali alikuwa ameandika jina la muuza RV mmoja. Mzee alicheka: wale wanatengeneza paa na friji, injini hawagusi, na milango yao ingefunguliwa Jumatatu. RV ina wazazi wawili, aliyetengeneza chasisi na aliyejenga nyumba juu yake, na ubovu wa injini au gia boksi ni wa mzazi wa kwanza. Gereji ya Ford inaijua chasisi, lakini si zote zenye mlango mrefu wa kutosha kuingiza futi 11. Gereji za malori ndizo zina milango, na kwa basi za dizeli zenye chasisi ya Freightliner, mtengenezaji wa malori, ndiko kwao hasa. Tulipiga simu tukiwa njiani, tukapata gereji ya malori iliyokubali gari lilale uani kwake bila malipo ya yadi hadi asubuhi.

Dalali aliidhinisha mabadiliko hayo ya gereji, na shemeji aliomba namba ya kumbukumbu ya idhini, pamoja na jina la aliyeitoa. Hilo liliokoa fedha. Kwa kuwa maili zilibadilika, mzee alidai tofauti papo hapo; shemeji alilipa, akachukua risiti yenye kuonyesha maili, saa na uzito, akapiga picha gari pande zote nne kabla na baada. Madai yalikwenda wiki ile ile. Hundi ilirudi baada ya wiki saba, pungufu ya dola arobaini ambazo hakuna aliyeweza kutueleza, tukaziacha.

RV ilirudi Dallas ikiwa na gia boksi nyingine. Kwenye kile kibao cha kukinga jua cha dereva shemeji amebandika kadi, maandishi ya kalamu nene: paundi 14,500, urefu futi 31, kimo futi 11 na inchi 3, magurudumu sita, breki za mafuta, watu wangapi leo. Mstari wa chini kabisa ameuandika kwa herufi kubwa na kuupigia mistari miwili: "SEMA JIMBO KWANZA."